Mwanzi wa Kumi na Saba

Mwaka ule reli ya Wajerumani ilipofika Moshi, Koko Nalepo alikuwa mjane wa miaka thelathini hivi, na mikono yake ilijulikana sokoni Arusha kuliko uso wake. Alikuwa akishona ushanga. Kwetu Waarusha wanawake wengi wanashona ushanga, lakini punje zake zilikaa kama mahindi kwenye gunzi, hakuna moja iliyomzidi mwenzake, na alipotunga uzi kwenye tundu la sindano hakufumba jicho wala kurudia mara ya pili. Mimi ni mjukuu wa shemeji yake, ndiyo maana namwita Koko, yaani bibi. Nilimkuta akiwa mzee tayari. Haya alinisimulia mwenyewe, kidogo kidogo kwa miaka mingi, na kila alipoanza alifunga mlango kwanza.

Mumewe alikuwa kaka mkubwa wa babu yangu. Jina lake silijui, maana kwa watu wetu wa zamani jina la marehemu halitajwi, na Koko hakulitaja hata siku moja. Walikuja watu wanaokusanya vibarua wa reli, wakamchukua akiwa shambani, akaondoka na shuka moja. Hakurudi. Tangu hapo Nalepo alikaa kwenye boma la baba mkwe wake, mzee Simel, kule Sambasha, pamoja na mama mkwe wake Nosim na shemeji yake Sakaya. Sakaya ndiye aliyemlimia shamba lake, na huyo Sakaya ndiye babu yangu. Majina ya wakwe zake Koko alinitajia kwa kunong'ona tu, maana bila hayo asingeweza kusimulia.

Mzungu aliyemwajiri Nalepo watu walimwita Bwana Nta. Alikuwa amepanga nyumba ya bati karibu na mto Themi, nje kidogo ya mji. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, anajua Kiswahili cha pwani vizuri kuliko watu wetu, na hakuwahi kumpiga mtu. Alikuwa akikusanya nyimbo na maneno ya watu wa mlimani. Siku alipoonana na Nalepo sokoni, alitazama mkanda wa ushanga kwa kioo cha kukuzia, kisha akaitazama mikono iliyoushona, akamwomba aje kufanya kazi nyumbani kwake. Alimweleza kwa upole kabisa kwamba amekuja kuzihifadhi sauti zao kabla hawajaisha.

Nalepo alimuuliza Gidion maana ya hilo la kuisha. Gidion alikuwa mkalimani wa Bwana Nta, Mmeru wa upande wa Nkoaranga, Mkristo aliyesoma kwa wamisionari na kuoa Mwarusha, kwa hiyo Kimaa, lugha yetu, alikijua. Gidion alisema Wazungu ndivyo wanavyosema, asitie moyoni. Lakini Nalepo aliona kwamba na yeye alikuwa ameinamisha macho.

Mashine yenyewe ilikaa mezani, ndogo, yenye ufunguo wa kukaza kamani, ile springi ya ndani, kama wa saa na pembe ndefu ya bati. Sauti zilikaa kwenye nta ya rangi ya hudhurungi, iliyofinyangwa kuwa kitu cha mviringo chenye uwazi ndani, unene wa mwanzi mkubwa na urefu usiofika shubiri. Kwa hiyo watu wa nyumba ile walisema mianzi. Mwanzi ulivikwa kwenye mhimili wa mashine ukazunguka, na juu yake kilitembea kifuniko kidogo chenye kiwambo cha kioo, chembamba kama ngozi ya yai. Chini ya kiwambo ndipo ilipokaa sindano.

Sindano zilikuwa mbili. Bwana Nta alimfundisha Nalepo kuzitofautisha kwa kuzigusa, maana kwa macho zilikuwa punje tu. Moja ilikuwa na makali kama patasi. Mtu akisema ndani ya pembe, pumzi inatikisa kiwambo, kiwambo kinatikisa patasi, na patasi inachimba mfuo kwenye nta, unaozunguka na kuzunguka kama njia ya mchwa. Sauti ikiwa kubwa shimo linaingia zaidi. Ikiwa ndogo linainuka. Sindano ya pili ilikuwa na kijiwe laini cha mviringo. Hiyo haikuchimba. Ilipita ndani ya mfuo uleule, ikishuka na kupanda kila bonde dogo, na kule kushuka na kupanda kulikitikisa kiwambo tena, na maneno yakatoka kama yalivyoingia.

“Hii inaandika,” Bwana Nta alimwambia, “na hii inasoma. Ukizichanganya, umeua mtu.”

Alisema kwa mzaha, lakini Nalepo hakucheka. Kazi yake ikawa kupangusa sindano kwa brashi ya manyoya, kuondoa unga wa nta uliobaki baada ya kuchimba, na kuiweka mianzi kwenye makasha ya pamba bila kuigusa kwa vidole upande wa nje. Jua lisiifikie, isije ikalainika. Unyevunyevu usiifikie, isije ikaota ukungu. Na isirudiwerudiwe. Hilo Bwana Nta alilisisitiza kuliko yote. Kijiwe nacho kina uzito wake, na kila kinapopita kinakwangua kidogo. Mwanzi mmoja ukisikilizwa mara nyingi, mabonde yanajaa na vilima vinalala, na mtu aliye ndani anaanza kwenda mbali.

Baada ya mwezi Nalepo aliijua mashine ile kuliko Gidion, na pengine kuliko mwenyewe. Bwana Nta alimwachia sindano zote mbili.

Mzee Simel alipenda kuongea. Hilo mlima mzima ulijua. Akikupata njiani ng'ombe wako watafika nyumbani peke yao. Kwa hiyo Bwana Nta alipomwomba Nalepo amlete mzee wa kusimulia habari za kale, alimleta baba mkwe wake bila kufikiri mara mbili, na Nosim akaja nyuma yao kutazama. Nosim alikuwa mwanamke wa maneno machache. Lakini alipoombwa kuimba, alisogea hadi kwenye pembe ile kama mtu anayechungulia kisima, akaimba wimbo wa wanawake wa kuomba mvua, taratibu, macho yamefumbwa. Wimbo ulikula nusu ya mwanzi. Bwana Nta, ambaye hakupenda kupoteza nta, akamwashiria Simel aseme lolote kwenye nusu iliyobaki.

Simel akasema. Alianza na ng'ombe, akaenda kwenye vita vya ujana wake, kisha, mkono wa mashine ukiwa karibu na mwisho, akafika kwenye habari za juzi. Chini ya mfereji wa maji wa Sambasha kulikuwa na mlowezi aliyeitwa Bwana Seng'enge, kwa sababu ya waya wake wa miiba. Alikuwa amepandisha mawe yake ya mpaka hadi juu ya mfereji, na siku moja mawe yale yalikutwa yameng'olewa na kutupwa korongoni. Simel aliinua kifua. Alisema wanaume bado wapo, na aliyeyang'oa mawe yale kwa mikono yake miwili ni mwanawe, Sakaya. Jina alilipaza kabisa, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde.

Bwana Nta hakujua Kimaa. Aliandika kwenye kasha namba kumi na saba. Gidion alikuwa amesimama kando na kalamu, akayaandika maneno yote kwa Kiswahili, isipokuwa hayo ya mwisho.

Mvua za masika zilipoanza Nosim alishikwa na homa. Siku ya sita akafa. Alilazwa kama watu wetu wa zamani walivyowalaza wafu wao, na tangu siku hiyo hakuna aliyelitamka jina lake pale bomani. Kitanda chake kilichomwa. Wasichana wawili wa ukoo waliobeba jina kama lake walibadilishiwa majina.

Wiki mbili baadaye, mchana, Nalepo alimwona Simel amesimama nje ya nyumba ya Bwana Nta, mgongo kwenye ukuta. Bwana Nta alikuwa ametoka. Mzee alimsalimu, “Takwenya,” naye akaitikia, “Iko.” Kisha mzee akanyamaza, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake. Mwishowe akauliza kama yule bado yumo humo ndani.

Nalepo alijua ni nani. Alisema yumo.

Simel alijua kwamba analotaka si jema. Sauti ya marehemu kuitwa tena duniani ni kumvuta mtu shuka wakati amekwisha kulala. Alimwambia Nalepo hivyo mwenyewe, kisha akaingia ndani na kuketi sakafuni. Nalepo akauvika mwanzi, akakaza kamani, akaweka sindano. Nosim akaimba. Mzee aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mguu wa meza. Kabla sauti yake mwenyewe haijaanza, aliinua mkono, na Nalepo akainua sindano.

“Anaweza kuimba mara ngapi?” Simel aliuliza.

Nalepo alimweleza habari za kijiwe na uzito wake, kwamba kila safari kinachukua kitu.

“Basi asiimbe tena,” mzee alisema. “Akae hivyo hivyo, mzima.”

Akatoka bila kuaga. Nalepo aliurudisha mwanzi kwenye pamba, na kwa mara ya kwanza, alivyoniambia, alitamani kasha lile liwe na kufuli.

Haukupita mwezi, Bwana Seng'enge alikuja kula chakula cha mchana kwa Bwana Nta. Huyu alikuwa amelelewa miongoni mwa wafanyabiashara waliokwenda kununua ng'ombe kwa Wamasai, na Kimaa alikisikia. Baada ya kahawa aliomba asikie hao washenzi wa kwenye nta. Bwana Nta, aliyejivunia kazi yake, akamwambia Nalepo alete mitatu aliyodhani ilitoka vizuri. Alitaja namba mwenyewe. Ya mwisho ilikuwa kumi na saba.

Nalepo alisema hakuona njia ya kukataa. Aliuvika. Nosim akaimba, na Bwana Seng'enge akachezea kijiko. Simel akaanza, ng'ombe, vita. Bwana Seng'enge alikuwa akiwasha kiko. Karibu na mwisho njiti ya kibiriti iliungua mpaka vidoleni mwake. Aliuliza huyu mzee amesema nini hapo. Gidion alisoma kwenye daftari lake: mzee anashukuru na kuwasalimu wasikilizaji. Bwana Seng'enge alimtazama Gidion kwa muda mrefu, akataka mwanzi urudiwe. Bwana Nta akakataa. Alisema nta haipendi kurudiwa, na mwanzi ule unatakiwa ufike Ulaya ukiwa mzima.

Bwana Seng'enge akatabasamu. Alisema hataki kuuharibu. Alisema kuna afisa mmoja anayepita kukagua mipaka ya mashamba, atafika Alhamisi, na angependa asikie mara moja tu, pamoja naye, wakiwa wametulia na wanasikiliza. Bwana Nta aulinde vizuri mpaka siku hiyo. Ilikuwa Jumamosi.

Siku ya Jumatatu Bwana Nta alikwenda Maji ya Chai na wapagazi, kumtafuta mpiga ngoma aliyesifiwa, na akasema atarudi Jumatano jioni. Safari hiyo hakumchukua Gidion. Alimwambia akae ayasahihishe madaftari yake. Gidion alikaa na daftari limefungwa, na Nalepo alipomaliza kufagia akamwita nyuma ya jiko.

“Dada Nalepo,” alisema, “jina lile nililiacha kwa makusudi.”

“Nilikuona.”

“Yule alisikia jina, lakini hana hakika. Alhamisi atakuwa na hakika. Mawe ya mpaka ni viboko na minyororo, halafu kifungo cha pwani. Shemeji yako atakwenda, na mimi nitakwenda pamoja naye, kwa daftari langu.”

Nalepo alimuuliza kama mwanzi ukianguka itakuwaje. Gidion alisema alikwisha kufikiri hilo. Mianzi arobaini, na unaovunjika ni huo mmoja, siku tatu kabla ya afisa kufika, mikononi mwa mwanamke wa boma la Simel? Wangemkamata kabla ya kuokota vipande. Na kuupara upya kwa kisu cha mashine, kama Bwana Nta alivyofanya kwa mianzi iliyokosewa? Ungebaki laini kama kioo, bila mfuo, na mtoto angejua kwamba umeparwa makusudi.

Nalepo aligeuka akarudi ndani. Alikuwa anafikiri juu ya kijiwe.

Mchana huohuo, mpishi alipokwenda mtoni, aliiweka mashine sakafuni kwenye chumba cha mianzi na kuichomoa pembe ya bati. Bila pembe sauti hutoka ndogo kama ya mbu, mtu wa chumba cha pili hasikii. Alivua pambo lake la shaba la sikioni, lile zito lililosokotwa, akalifunga kwa uzi wa ushanga juu ya kifuniko kinachobeba sindano. Kisha akaishusha sindano.

Angeweza kuishusha mwishoni tu, kwenye maneno ya Simel. Hilo alilifikiria sana. Lakini mwanzi ambao nusu yake inaimba vizuri na nusu yake ni kelele tupu ungemsema yeye kwa sauti kubwa kuliko Simel. Ili uonekane ni nta mbovu, ilibidi uchakae wote sawasawa, toka mwanzo. Toka kwa Nosim.

Alizungusha. Aliinamisha sikio karibu na kiwambo ili ajue amefika wapi. Mara za kwanza mama mkwe wake alikuwa palepale, hata kule kuvuta pumzi kati ya mstari na mstari. Baada ya mara kumi maneno yalianza kupoteza ncha zake. Jumanne asubuhi yalikuwa hayaeleweki tena, ila mwanamke alisikika anapanda na kushuka mahali fulani nyuma ya mvua. Nalepo alipangusa unga wa nta kwa brashi, akakaza kamani, akarudia. Mchana mwanamke yule akawa hayupo. Hakujua ni mzunguko upi hasa uliomchukua. Alisema hilo ndilo lililomuuma, kwamba alikuwa anasikiliza kwa makini na bado ulimpita.

Maneno ya Simel nayo yalikwenda: ng'ombe, vita, mikuki. Lakini lile jina halikwenda. Mzee alikuwa amelipaza, na patasi ilikuwa imezama ndani ya nta kuliko mahali pengine popote. Kila aliporudia, kutoka kwenye mvumo mtupu, kikatoka kitu kimoja kilicho wazi, kidogo na cha mbio: Sakaya. Yote mengine yalipokwisha kufutika jina lilionekana kama limeongezwa nguvu. Jumatano asubuhi bado lilikuwepo. Aliweka kidole chake juu ya shaba akabonyeza, mkono hautikisiki, akaisindikiza sindano juu ya ile mizunguko michache, akairudisha, akaisindikiza tena. Vidole vilipata ganzi. Kamani ililegea akaikaza. Mpishi alimwita aje kula, naye akajibu kwamba anaumwa, hatakula.

Alasiri, kilichobaki kilikuwa kama mtu anayekohoa mara mbili. Akaachia hapo. Farasi wa Bwana Nta alisikika barabarani.

Alhamisi afisa alifika na Bwana Seng'enge na askari wawili, ambao walikaa kwenye ngazi. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua kali. Bwana Nta alikunja mikono, akamwashiria Nalepo. Gidion alisimama ukutani na daftari lake.

Aliuvika mwanzi. Pembe ikatoa mvumo, kama mvua kwenye majani ya migomba, ukaendelea na kuendelea. Hakuna aliyesogea. Bwana Seng'enge alikuwa ameinama mbele, macho yamefumbwa, mkono mmoja hewani, tayari kuwaonyesha mahali. Mahali pakafika. Kikohozi mara mbili. Mkono wake ukabaki hewani. Kisha mwanzi ukaisha.

Afisa aliuliza kitu kwa Kijerumani, kwa uchovu. Bwana Seng'enge akajibu kwa hasira. Walizungumza kwa muda, afisa akatazama saa yake, akasimama. Alikuwa na mashamba mengine ya kwenda. Askari wakanyanyuka.

Walipoondoka, Bwana Nta alichukua kioo chake cha kukuzia. Aliutazama mwanzi, akauzungusha polepole kwenye mwanga wa dirisha. Akaitazama sindano. Akamtazama Nalepo, kwanza mikono, kisha sikio lake moja lililokuwa wazi, maana pambo la upande huo alikuwa amesahau kulirudisha.

“Nta haichoki hivi kwa mara mbili,” alisema.

Nalepo alianza kuipangusa sindano kwa brashi.

Bwana Nta hakumshtaki, na Koko alidhani ni kwa sababu ya aibu, maana angelazimika kueleza kwamba kazi yake ya miezi minane aliiacha mikononi mwa mwanamke wa sokoni. Lakini hakumwacha aende hivihivi. Alitoa mwanzi mpya, akauvika kwenye mashine, akaweka sindano ya patasi, akaisogeza pembe mpaka karibu na mdomo wake. Akamwambia aseme, kwa lugha yake, yale yaliyokuwemo. Patasi ikaanza kuchimba. Nalepo alitazama ndani ya lile giza la bati akafunga mdomo. Mwanzi ulizunguka mpaka mwisho. Bwana Nta akausikiliza wote, na ndani yake alisikika mtu anayepumua kwa pua, taratibu. Akaandika namba arobaini na moja, akauweka kwenye kasha pamoja na mingine. Akamwambia Nalepo asirudi kesho.

Siku ileile Nalepo alipanda Sambasha na kuwaambia wote wawili, baba na mwana. Sakaya aliondoka kabla ya jua kuzama, na ng'ombe watatu na mkuki, akapita nyuma ya mlima kuelekea nyikani kwa Wamasai. Kumwambia Simel ilikuwa kazi nyingine. Ilibidi amweleze kwamba ni mdomo wake ndio uliomtoa mwanawe, na kwamba yule aliyeomba akae mzima hayupo tena. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu, kama aliumia. Nalepo akasema hapana, alikwenda taratibu.

Swali hilo ndilo lililokuwa neno la mwisho la mzee Simel. Watu wa Bwana Seng'enge walipokuja kumchukua ili akaseme tena, walimkuta bubu. Walimpeleka, wakamkalisha siku mbili juani, wakamrudisha. Watu wa boma walidhani ni ujanja na kwamba ataacha hatari ikipita. Hakuacha. Nalepo alimlisha na kumchotea maji miaka minne, na alisema boma lililokuwa na kelele za mzee yule lilikuwa kimya kiasi kwamba ndama walisikika wakitafuna. Vita vilipokuja na Wajerumani wakaondoka Arusha, Sakaya alirudi. Alipiga magoti mbele ya baba yake, akamsihi amwite hata jina lake tu. Mzee alifungua mdomo, midomo ikatembea, na hakikutoka kitu. Akamwekea mkono kichwani. Alikufa mwaka uliofuata.

Gidion naye alibaki kazini mpaka makasha yalipofungwa kwenda Ulaya, na ndiye aliyeyapigilia misumari. Baadaye alikuja Sambasha kwa miguu kumweleza Nalepo jambo moja. Bwana Nta hakuutupa mwanzi wa kumi na saba. Aliufunga kwa pamba kwa uangalifu kuliko mingine, na kwenye kasha aliandika kwa mkono wake kwamba sauti ni hafifu, ichunguzwe tena kwa sindano bora.

Tangu siku hiyo Koko hakuwa na amani. Dunia iligeuka, Waingereza wakaja, babu yangu akaoa, akazaa, akazeeka. Shamba la Bwana Seng'enge lilibadilisha wenyewe mara tatu na mawe yake, aliyokwisha kuyarudisha, yakabaki juu ya mfereji. Kwake yeye, mahali fulani ng'ambo, mtu aliyevaa koti jeupe alikuwa ameinama juu ya ile nta na ana wakati wote anaouhitaji.

Mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na nane nilikuwa nafanya kazi kwa Mhindi mmoja mjini, fundi wa redio na santuri. Nilikuwa kijana, nimevaa suruali iliyopigwa pasi, na nilijua kila kitu. Jumapili moja nilikwenda kuwasalimia Koko na babu. Babu alikuwa nje, anaota jua. Koko aliniita ndani, akafunga mlango, akaniuliza kama sindano za siku hizi ni nyembamba kuliko zile za zamani.

Nilifurahi kuulizwa kitu nilichokijua. Nilimwambia hazilinganishwi. Nilimwambia sasa ncha ni ya almasi, ndogo kuliko unywele, nyepesi, haikwangui, inaingia mpaka chini kabisa ya mfuo na kuokota hata vumbi la sauti ambalo sikio halijui kama lipo. Na kila mwaka zinatoka bora zaidi.

Koko aliokota uzi na sindano yake ya ushanga. Uzi ulikosa tundu, na kwa mara ya kwanza nilimwona akirudia mara ya pili.

“Usimwambie babu yako,” alisema.